Mama wa miaka 72, maumivu mapya ya kichwa, ESR 98, jicho limeingia giza mara mbili: nianze prednisoloni au nisubiri biopsi?

Tabibu_Wilayani (mfungua uzi)

Wakuu, salamu. Naomba msaada wa haraka kwa waliobobea kwenye macho na mishipa ya damu.

Mgonjwa ni mama wa miaka 72, kilo 52. Kichwa kinamuuma wiki ya tatu sasa, mapanja yote mawili ila la kulia zaidi, na anasema hajawahi kuumwa kichwa cha namna hii. Ameshaandikiwa diklofenaki mara mbili kwa jina la kipandauso. Kuchana nywele kunamuuma, hata kilemba hakivumilii. Makande anaacha katikati kwa sababu taya linachoka na kuuma. Akitulia dakika chache linaachia. Asubuhi mabega ni magumu, mikono haiinuki vizuri mpaka kama saa nne. Amekonda. Kinachonitisha zaidi: jicho la kulia limeingia giza mara mbili ndani ya siku nne, kama dakika tano kila mara, kisha likarudi.

Vipimo: ESR (kasi ya chembe nyekundu kushuka, hupanda kukiwa na uvimbe mwilini) 98, Hb 9.8 na chembe nyekundu za ukubwa wa kawaida, chembe sahani 512, malaria hasi, VVU hasi, sukari ya asubuhi kabla ya kula 6.1, presha 148/86. CRP (protini ya uvimbe kwenye damu) hatuna. Hana kikohozi, eksirei ya kifua bado.

Nashuku ateritisi ya seli kubwa, GCA, yaani uvimbe wa kuta za ateri. Biopsi (kukata kipande cha ateri ya panja kikapimwe) hatufanyi hapa, na rufaa mpaka apokelewe ni siku tatu au nne. Nikianza steroidi, yaani prednisoloni, si nitaharibu biopsi? Nianze na kiasi gani? Na kama kukonda huku ni TB? Mwenzangu wodini anasema huo ni ugonjwa wa wazungu, nisijisumbue.

Daktari_wa_Macho

Anza leo, kabla hujamaliza kuandika barua ya rufaa. Kichwa peke yake kingekupa nafasi ya kupumua. Jicho kuingia giza mara mbili halikupi.

Ukuta wa ateri unavimba kwa ndani, tundu linabana, na ateri ndogo za silia zinazolisha kichwa cha neva ya jicho zinakosa damu. Giza la dakika tano ni neva iliyokosa damu kwa muda. Damu ikikatika moja kwa moja neva inakufa, na hakuna steroidi inayoifufua. Uoni uliopotea kwa GCA mara nyingi ndio umepotea. Kinachotibiwa baada ya hapo ni jicho la pili, ambalo bila dawa linaweza kufuata ndani ya siku chache hadi wiki mbili. Ndiyo maana tunatibu shaka, majibu yanakuja baadaye.

Kiasi: mwenye dalili za macho hupewa methiliprednisoloni kwa dripu, 500 mg hadi 1 g kwa siku, siku 3, kisha vidonge. Ichanganye kwenye saline 100 ml, iingie kwa muda wa saa moja. Ikisukumwa haraka kwa bomba la sindano moyo unaweza kwenda mrama. Kama haipo stoo, usipoteze nusu siku kuipigia simu hospitali tatu. Mpe prednisoloni 60 mg ameze sasa hivi. Asiye na dalili zozote za macho wala za taya huanza na 40 mg, lakini mama huyu si wa 40.

Wakati dawa inatafutwa, fanya mambo haya, hayachukui robo saa. Pima uwezo wa kuona wa kila jicho peke yake, uandike namba. "Anaona vizuri" haitamsaidia daktari wa kesho. Kisha tochi: mulika jicho la kushoto, uihamishe haraka kwenda la kulia. Mboni ya kulia ikipanuka badala ya kusinyaa, neva ya upande huo imeshaumia. Angalia ndani ya jicho kama una ofthalmoskopu. Diski (kichwa cha neva ya jicho) iliyovimba na kupauka, nyeupe kama chaki, kwa mtu wa umri huu ni GCA mpaka ithibitishwe vinginevyo. Diski ikiwa ya kawaida usitulie. Katika hatua hii ya giza linalokuja na kuondoka mara nyingi haionyeshi chochote. Muulize pia kama aliwahi kuona vitu viwili viwili.

Pitisha vidole juu ya ateri mbele ya sikio, uifuate mpaka panjani. Unatafuta mshipa mnene, mgumu kama una vifundo, unaouma ukibonyezwa, mapigo hafifu au hayapo. Ukiikuta laini inadunda vizuri, bado hujaiondoa GCA, kwa sababu ugonjwa huu unashika vipande vya ateri na kuruka vingine.

Kuhusu taya, historia uliyoichukua ni nzuri sana. Maumivu ya kiungo cha taya na ya jino huja tangu tonge la kwanza, au anapopiga mwayo. Ya GCA hungoja misuli ifanye kazi: anatafuna dakika moja mbili bila shida, maumivu yanapanda, akiacha yanaisha. Ndiyo maana hujitokeza kwenye makande na nyama, uji haumsumbui. Ni miongoni mwa dalili zinazoelekeza kwenye GCA kuliko nyingine zote.

Hakikisha haraka kuwa si mojawapo ya vitu hivi viwili: presha ya jicho ya ghafla (jicho jekundu, gumu, kutapika) na mkanda wa jeshi ambao malengelenge hayajatoka (upande mmoja tu, ngozi inawaka).

Maabara_Kimya

Nichangie kwenye ESR, maana watu huilaumu au huiabudu bila kuuliza ilipimwaje.

Kwa mwanamke kiwango cha juu cha kawaida kwa milimita kwa saa hukadiriwa kwa umri kujumlisha 10, gawa kwa 2. Kwa mwanaume ni umri gawa kwa 2. Kwa huyu ni 41, kwa hiyo 98 ni kubwa kweli. Lakini hakikisha bomba la Westergren lilisimama wima. Likiinama nyuzi 3 tu, usomaji unaweza kupanda kwa takribani asilimia 30. Meza yenye mtetemo wa sentrifuji, au bomba lililowekwa dirishani juani, nayo hupandisha. Damu iliyokaa zaidi ya saa 4 kwenye joto la chumba hushusha.

Upungufu wa damu hupandisha ESR wenyewe. Kinyume chake, mwenye selimundu anaweza kuwa na ESR ya chini huku ugonjwa unawaka, kwa sababu seli zilizopinda hazipangani vizuri ili zishuke. CRP haidanganywi na mambo hayo, kwa hiyo kama kuna maabara binafsi jirani tuma sampuli hata kama dawa imeshamezwa. Haishuki ndani ya saa mbili tatu. Chembe sahani 512 pia ni ushahidi mzuri, juu ya 400 kwenye mazingira haya kunaongeza shaka.

Kitu kingine: ESR karibu na 100 kwa mzee aliyekonda, mwenye damu pungufu, inaweza kuwa mieloma (saratani ya uboho). Chukua na sampuli ya kreatinini, kalsiamu na protini leo leo, kabla ya steroidi kama inawezekana bila kuchelewesha. Usisubiri majibu.

Mfamasia_wa_Pwani

Niongee kuhusu vidonge, maana hapo ndipo mambo mengi huharibika.

Vidonge vyetu vingi ni vya 5 mg, kwa hiyo 60 mg ni vidonge 12 kwa mkupuo mmoja asubuhi baada ya chakula. Mtoa dawa asiyeujua ugonjwa huu anadhani daktari amekosea na kumpa "vidonge 2 mara 3", yaani 30 mg. Andika kwa maneno: kumi na viwili kwa pamoja, kila siku. Siku 28 ni vidonge 336. Hakikisha anaondoka navyo au kuna mtu anajua vitatoka wapi, kwa sababu akiishiwa njiani ugonjwa unarudi, na akishatumia zaidi ya wiki tatu tezi zake za adrenali zitakuwa zimelala. Kukata ghafla kunaweza kumuangusha presha na sukari.

Kosa la pili ninaloliona kwenye karatasi za dawa ni sindano moja ya deksamethasoni kisha nyumbani. Kichwa kinapoa siku mbili, kila mtu anafurahi, jicho linazimika siku ya tano. Kama anatapika na vidonge havikai, deksamethasoni 9 mg inakaribiana na prednisoloni 60 mg, na hidrokotisoni ni 240 mg kwa siku, yaani 60 mg kila saa 6. Hizo ni za kuvukia tu. Dozi ya kumeza siku moja na kuruka siku inayofuata nayo haitoshi kwa GCA.

Diklofenaki iachwe leo: haigusi ugonjwa huu, na ikikutana na prednisoloni tumbo la mama wa miaka 72 linaweza kutoboka. Mpe omeprazoli 20 mg. Kalsiamu na vitamini D tangu mwanzo, alendronati 70 mg mara moja kwa wiki kama figo na koo ni salama. Ameze na glasi nzima ya maji asubuhi kabla ya kula, abaki wima nusu saa. Kumpa aspirini kila mgonjwa wa GCA hakupendekezwi tena. Kama ana sababu nyingine ya moyo aendelee nayo.

Sukari: prednisoloni ya asubuhi hupandisha sukari ya mchana na jioni. Ukipima alfajiri tu utaambiwa 6 kila siku wakati jioni ni 17. Pima kabla ya chakula cha jioni, au saa mbili baada ya chakula cha mchana.

Tabibu_Wilayani

Asanteni sana. 60 mg ameshameza, methiliprednisoloni haipo. Jicho la kulia 6/12 (anasoma kwa mita 6 kile ambacho jicho zima husoma kwa mita 12), la kushoto 6/9, tochi haionyeshi tofauti. Ateri ya panja la kulia ni ngumu, mapigo siyapati. Yamebaki mawili: biopsi na TB. Na hospitali ya mkoa wana ultrasaundi, itasaidia?

Picha_Mawimbi

Itasaidia ikifanyika mapema. Ultrasaundi inatafuta duara jeusi kuzunguka tundu la ateri, ambalo ndilo ukuta uliovimba, na duara hilo haliondoki ukibonyeza kwa proba. Ateri yenye afya ikibonyezwa hufunga kabisa. Iliyovimba unabaki unauona ukuta. Shida ni kwamba steroidi huufuta uvimbe huo kwenye ateri za panja haraka, siku chache tu. Kama anaweza kufika mkoani kesho au keshokutwa, aende. Baada ya wiki, picha safi haina maana kubwa.

Muulize fundi wao kuhusu proba kabla hujamtuma. Inatakiwa ya mstari, masafa ya MHz 15 au zaidi kwa panja. Ile ya tumbo iliyopinda haioni kitu kwenye mshipa ambao unene wa ukuta unaopimwa ni sehemu ya milimita: kwa tawi la mbele mpaka ni kama 0.34 mm, kwa shina lenyewe 0.42 mm. Wakiwa na proba ya shingo tu, waangalie ateri za kwapa, ambako mpaka ni milimita 1. Kwapa pia hubaki na alama muda mrefu zaidi baada ya dawa, na wapo wagonjwa ambao panja ni safi lakini kwapa limejaa. Aliyezoea misuli na mimba tu anaweza kuona kalsiamu ya uzee akaiita ugonjwa, basi aandike alichokiona na kukipima, asiandike "GCA hasi" peke yake.

Southend, Uingereza, walipofungua kliniki ya kumwona mgonjwa haraka kwa ultrasaundi na kuanza dawa papo hapo, upotevu wa kudumu wa uoni kwa wagonjwa wao ulishuka kutoka asilimia 37 hadi 9. Mashine ilichangia, ila nadhani kubwa lilikuwa kufuta foleni.

Bingwa_wa_Ndani

Nianze na biopsi. Steroidi haiifuti haraka kama inavyofuta ultrasaundi. Lenga ndani ya wiki moja au mbili, ingawa alama za uvimbe mara nyingi hubaki hata wiki nne. Kwa hiyo siku nne za rufaa hazikuharibii chochote. Kinachoharibu biopsi ni kipande kifupi. Ugonjwa unaruka, na ateri ikikatwa inajikunja, ikiwekwa kwenye formalini inasinyaa tena. Ili patholojia apate angalau sentimita 1, mpasuaji achukue 1.5 hadi 2 au zaidi, upande unaouma. Achore njia ya mshipa kwa kalamu kabla ya sindano ya ganzi, kwa sababu ukishadunga hauusikii tena. Kipande kiende kwenye formalini ya asilimia 10, nyingi, si tone la chini ya kichupa. Patholojia akate kwa mikato mingi. Na seli kubwa zenyewe si lazima zionekane: limfosaiti na makrofaji (chembe za kinga) ndani ya ukuta pamoja na utando wa elastiki uliovunjikavunjika vinatosha. Biopsi hasi kwa mgonjwa mwenye taya, jicho na ESR kama hizi haimwachishi dawa.

Hilo la "wazungu". Ni kweli ugonjwa umeandikwa zaidi Skandinavia na Minnesota, Marekani, ambako wengi wana asili hiyo. Lakini uchunguzi wa biopsi kutoka Johns Hopkins, Baltimore, uliochapishwa 2019, haukukuta tofauti kubwa ya kiwango kati ya wagonjwa weusi na weupe kama ilivyokuwa ikifundishwa. Ugonjwa usiotafutwa hauonekani, na kwetu wazee wengi huishia na jina la kipandauso, sinusi au presha. Mipaka ya kweli ni umri: chini ya miaka 50 usiite GCA, fikiria Takayasu (uvimbe wa ateri kubwa unaoshika vijana).

TB. Hofu yako ni halali lakini haisimamishi dozi ya leo. Eksirei ya kifua, makohozi kwenye GeneXpert (kipimo cha TB) akipata kikohozi, na kabla ya yote hakikisha hakuna dalili za meninjitisi: shingo ngumu, homa, kuchanganyikiwa. Zikiwepo, kiuno kitobolewe, picha ni nyingine kabisa. TB ikithibitika anza tiba yake sambamba, ila kumbuka rifampisini inamaliza prednisoloni mwilini haraka. Hapo 60 mg inafanya kazi kama 30, na kwa kawaida inabidi kuiongeza karibu maradufu. Rifampisini ikikoma, athari yake huisha taratibu kwa wiki mbili hivi, dozi nayo ishushwe. Kwa wasomaji wenye wagonjwa wa VVU: ritonaviri inafanya kinyume, inapandisha prednisoloni.

Watu husahau strongiloidesi. Minyoo hii hukaa mwilini miaka mingi bila dalili, na steroidi za kiwango kikubwa zinaifungulia njia ya kusambaa mpaka mapafuni na kwenye damu. Kwa kilo 52, ivermektini 12 mg (mikrogramu 200 kwa kilo). Albendazoli dozi moja haitoshi kwa hiyo. Kama mgonjwa ameishi kwenye misitu ya Kongo au Afrika ya Kati, pima Loa loa (minyoo ya macho) kwanza, ivermektini inaweza kumletea madhara ya ubongo. Pima pia homa ya ini B.

Maumivu ya kichwa na mabega yanapaswa kupungua ndani ya siku mbili tatu, wiki moja kwa kuchelewa. Yasipopungua kabisa, rudi kwenye utambuzi, usipandishe dozi tu. Yakipungua, usichukulie kuwa ndiyo uthibitisho. Steroidi humfurahisha hata mwenye ugonjwa mwingine, limfoma ikiwemo.

Kushusha: baki 60 mg mpaka dalili ziishe na ESR itulie, kawaida wiki 2 hadi 4. Kisha punguza 10 mg kila wiki 2 mpaka 20. Kutoka 20, punguza 2.5 mg kila wiki 2 hadi 4 mpaka 10, halafu 1 mg kila mwezi mmoja au miwili. Vidonge vya 1 mg ni adimu. Mbadala unaotumika ni 10 leo, 7.5 kesho, kwa mwezi, kisha 7.5 kila siku. Safari yote ni mwaka mmoja hadi miwili, wengine zaidi. Takribani nusu hurudiwa na dalili wakati wa kushusha, hasa chini ya 10. Kikirudi kichwa tu, rudisha dozi ya mwisho iliyomtuliza. Kikirudi na taya au jicho, rudi 40 hadi 60 siku hiyo hiyo. ESR ikipanda peke yake bila dalili, tafuta maambukizi kwanza.

Tosilizumabu 162 mg chini ya ngozi kila wiki imethibitishwa: kwenye jaribio la GiACTA, 2017, asilimia 56 walikuwa na nafuu ya kudumu bila steroidi ilipofika wiki ya 52, dhidi ya 14 na 18 kwenye makundi mawili ya prednisoloni pekee. Ni ghali, inaamsha TB, na inazima CRP kiasi kwamba huwezi kuitumia tena kufuatilia ugonjwa. Kwetu methotreksati mara moja kwa wiki, na asidi ya foliki, ndiyo inayofikika kwa wanaorudiwa-rudiwa, ingawa nguvu yake ni ya wastani.

Mpe ndugu yake karatasi yenye maneno: "Anatumia prednisoloni, isikatishwe." Akitapika au akipata homa kali, hidrokotisoni 100 mg kwa sindano. Pima presha ya mikono yote miwili kila akija. Tofauti kubwa au maumivu ya mkono akifanya kazi yanaonyesha matawi ya aota yameguswa. Aota ya kifua inaweza kupanuka miaka baadaye.

Daktari_wa_Macho

6/12 bila tofauti ya mboni ni habari njema, lakini kazi ya usiku huu haijaisha. Mwache wodini, muuguzi afunike jicho moja moja kila baada ya saa nne akiwa macho amhesabishe vidole. Likififia tena, mpe 100 mg kwa jumla ya siku hiyo na mwondoke usiku uleule kuelekea kwenye dripu, msingoje gari la asubuhi. Kwenye barua ya rufaa mstari wa kwanza uwe: saa aliyomeza dozi ya kwanza, kiasi gani, na namba za macho zilizokuwepo kabla ya kumeza. Atakayempokea asiposoma hapo atamwachisha dawa "mpaka biopsi itoke", nayo majibu huweza kuchukua wiki tatu.